Tween 80: nzuri, ila usiitegemee peke yake

Jamani hii Tween 80, kiambato cha kuchanganya mafuta na maji, watu wanaisifia kama vile inafanya kila kitu, mi naipa nyota nne tu. Uzuri wake haina chaji, basi maji magumu au yenye chumvi hayaisumbui kivile, na haigombani na viambato vyenye chaji. Ni kimiminika cha njano, kizito kama asali, ukiipima inang'ang'ania kijiko mpaka unakereka.

Sasa ishu ni HLB, ile namba inayoonyesha kiambato kinapenda maji au mafuta, ikiwa kubwa kinapenda maji zaidi. Yake ni 15, yaani inapenda maji sana, kwa hiyo kuyeyusha manukato kidogo kwenye tona iko poa kabisa, ila losheni ukiitumia yenyewe tu mara nyingi baada ya muda unakuta mafuta yameelea juu. Changanya na Span 80, mwenzake anayependa mafuta zaidi, ambayo HLB yake ni 4.3, asilimia 60 ya Tween kwa 40 ya Span inakupa kama 10.7, hapo mafuta ya madini yanatulia. Ukitaka maji yakae ndani ya mafuta, mfano baadhi ya bidhaa za viwandani, basi geuza, Span ndo iwe nyingi.

Kwenye chakula inaandikwa E433 (namba yake ya kiongeza chakula), aiskrimu inachelewa kuyeyuka, lakini chukua gredi ya chakula sio ile ya kiwandani!! na kuna viwango vya juu kisheria.

Nyota niliyokata? Inadhoofisha parabeni (aina ya vihifadhi vya kuzuia vijidudu), kwa hiyo kihifadhi lazima ukipime upya humo humo kwenye fomula, halafu hewa na mwanga vinaiharibu, ikianza kunuka mafuta yaliyochacha we tupa tu.