Riwaya za picha: urafiki au penzi la kwanza?

Kwa msomaji wa miaka 11 au 12, urafiki unauma zaidi. Katika Real Friends (2017) ya Shannon Hale na LeUyen Pham, wasichana hupangwa foleni kufuata wanavyopendwa na kiongozi wa kundi. Aliye mkiani hahitaji maneno. Mabega yake yanatosha.

Penzi linashinda kwa kicheko na aibu: mashavu mekundu, kiputo cha maneno kilichobaki kitupu. Ila likishajulikana nani kampenda nani, wengi hawalirudii (mimi hulirudia). Drama (2012) ya Raina Telgemeier imekwepa mtego huo: mhusika mkuu, Callie, anakosa anayemtaka, na kazi ya jukwaa inaendelea.

Aliyeachwa na rafiki juzi, mpe Real Friends. Anayechorachora majina pembezoni mwa daftari, mpe Drama, na usimuulize kitu.