Harvard Forest: tulikwenda kuangalia udongo, na sijuti

Nianze kwa kuwaonya wanaotafuta maporomoko ya maji na picha za kutamba: Harvard Forest hamtaipenda. Ipo Petersham, jimbo la Massachusetts, kama kilomita 100 magharibi mwa Boston, na ukiutazama haraka ni msitu tu. Mialoni, misonobari, njia yenye tope, basi. Binti yangu wa miaka 14 aliteremka garini, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Baba, ndiyo hapa?"

Ndiyo hapa. Chuo Kikuu cha Harvard kina msitu huu tangu 1907, hekta 1,600 hivi, na tangu 1988 umo katika mtandao wa Marekani wa utafiti wa muda mrefu wa ikolojia. Yaani watu wanapima, wanarudi kupima, wanastaafu, na wengine wanalipokea daftari na kuendelea.

Anzieni Makumbusho ya Fisher. Nilidhani nitakuta ndege waliokaushwa. Kumbe kuna maonyesho 23 nyuma ya vioo, misitu midogo iliyotengenezwa kwa mikono miaka ya 1930, na matawi yake ni waya wa shaba. Mimi ni fundi umeme, shaba nimeishika miaka 22, wala sikuwahi kuwaza kwamba nyuzi zake ukizisokota kisha ukazichanua unapata mwaloni uliopukutika majani. Nilibandika pua kwenye kioo mpaka nikavutwa shati. Maonyesho saba ya kwanza ni sehemu moja ile ile: 1700 msitu mzito, 1740 mkulima na visiki vyake, 1830 malisho mpaka macho yanapokoma, 1850 mashamba yametelekezwa, 1910 misonobari iliyoota humo inakatwa, kisha 1915 na 1930, msitu mwingine unajaa. Ukitoka nje ukakuta ukuta wa mawe unakatiza katikati ya miti, huulizi tena nani alijenga ukuta porini.

Lakini mimi nilifuata umeme. Upande wa Prospect Hill, tangu 1991, kuna nyaya za joto zilizofukiwa sentimita 10 ardhini, ili udongo uwe na nyuzijoto 5 zaidi ya ule wa jirani, usiku na mchana, mwaka mzima, kuona udongo utafanyaje dunia ikizidi kupata joto. Vipande ni 18, kila kimoja mita 6 kwa 6. Sita vina moto, yaani umeme unapita kwenye nyaya. Sita havijaguswa kabisa. Na sita vingine, hapa nilicheka peke yangu, vimechimbwa na kufukiwa nyaya zile zile, ila hazikupewa moto. Binti akasema fundi alikimbia kazi. Wapi! Ukichimba unakata mizizi na kuvuruga udongo. Bila vipande vile hutajua mabadiliko yameletwa na joto au na sepetu. Mimi nikimfukia mteja waya usio na moto, ataniita mwizi.

Tulikwenda Februari, theluji ikifika kwenye kifundo cha mguu. Tulisimama njiani bila kuingia. Nyeupe kote, halafu ghafla mraba wa majani ya kahawia yaliyolowa, kingo zimenyooka kama mtu kakata kwa kisu.

Sasa sababu hasa ya kuandika haya. Miaka 10 hivi ya mwanzo, udongo uliopashwa joto ulitoa hewani kaboni nyingi (gesi ya kaboni dioksidi) kuliko wa jirani, kwa kuwa vijidudu vya ardhini vilikula kwa kasi. Kisha tofauti ikaisha. Mradi wa kawaida ungefungwa hapo, ripoti iandikwe kwamba udongo umezoea. Hawa hawakuzima. Ikapita miaka kama saba kimya, kisha kaboni ikaanza kutoka tena. Kufikia ripoti ya 2017, baada ya miaka 26, asilimia 17 ya kaboni ya sentimita 60 za juu ilikuwa imekwenda. Nilimweleza binti haya mara mbili. Mara ya pili ndipo alipoacha kuchezea theluji.

Tulichokosa ni sehemu ambako Oktoba 1990 waliangusha miti zaidi ya 200 kwa winchi, kuiga kimbunga kilichopiga eneo hili 1938, wakaiacha ilivyolala. Mingi iliendelea kutoa majani ikiwa chini. Ramani ya simu ilitupeleka barabara nyingine, jua likatuchwea.

Kiingilio hatukulipa. Bebeni chakula, na viatu vya maana. Mimi nilivaa raba nikarudi na soksi za kukamua. Siku za joto kuna kupe wa ugonjwa wa Lyme, ingizeni suruali ndani ya soksi. Makumbusho si lazima iwe wazi wikiendi za baridi, ulizeni kwanza. Msichepuke njiani wala kubandua vibati vya namba mitini: kwenye eneo moja la hekta 35 mashina yaliyopewa namba yanapita 100,000.

Nyota nne. Ya tano ni ya binti, ameitoa kwa mwaloni mwekundu uliofungwa vipimo na ambao, mwaka 2019, kompyuta ilianza kuandika ujumbe Twitter (sasa X) kwa niaba yake, kana kwamba mti ndio unaosema. Njia nzima ya kurudi alinisomea ujumbe wa mti, mmoja baada ya mwingine, mpaka chaji ikaisha.