Penydarren Park: Jumamosi ya mpira Merthyr Tydfil

Kama uko kusini mwa Wales na Jumamosi yako iko wazi, nenda ukawaone Merthyr Town, klabu ya soka ya mji wa Merthyr Tydfil, kwenye uwanja wao wa Penydarren Park. Unasimama karibu na uwanja kiasi kwamba unamsikia beki akimfokea kipa wake. Chai niliinywea nyuma ya goli, na mzee aliyesimama kando yangu akanihadithia mechi ya 1987 kama ya juzi.

Mwaka ule Merthyr Tydfil, klabu iliyokuwapo kabla ya Merthyr Town, wakiwa mabingwa wa Kombe la Wales, waliingia Kombe la Washindi barani Ulaya na kuwafunga Atalanta 2-1 papa hapa. Timu ya ligi za chini, imewapiga Waitaliano! Kule Bergamo walilala 2-0 wakatoka, lakini Atalanta wale walifika nusu fainali, kwa hiyo hawakuwa vibonde hata kidogo.

Madeni yaliiua klabu ile 2010. Mashabiki wakaunda Merthyr Town, wakaanzia ngazi tatu chini, tena wakicheza mechi zao za nyumbani kwenye uwanja wa wengine msimu mzima, hadi waliporudi Penydarren 2011. Klabu sasa ni mali ya mashabiki wenyewe, na hilo lilinigusa kuliko hata soka. Nyasi ni za bandia. Mimi ni mtu wa nyasi za asili, ila siku ile mpira ulitembea vizuri.

Halafu chini ya uwanja kuna mabaki ya ngome ya Warumi! Fika mapema upate muda wa kuongea na wazee, wana mengi.