Nyuzi za gitaa kavu: hesabu za shaba kabla hujalipa

Lalamiko linalojirudia miongoni mwa wapigaji wa Nairobi ni hili: gitaa kavu (lisilo la umeme) limefungwa nyuzi mpya, limetyuniwa kwa programu ya simu, na nyuzi zote sita zikipigwa wazi ziko sawa. Kodi ya G (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, si ya KRA) inatoka safi. Ukihamia E, kuna sauti inayochoma sikio. A nayo ni vivyo hivyo. Fundi anasema shingo imepinda, analipwa kuinyoosha, na tatizo linarudi nyumbani pamoja na gitaa.

Tazama uzi wa tatu, ukihesabu kutoka ule mwembamba zaidi. Katika kodi ya G uzi huo haushikwi. Katika E unashikwa freti ya kwanza (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo), katika A freti ya pili. Kama ni mweupe mtupu kama uzi wa kwanza na wa pili, umeuziwa uzi wa gitaa la umeme.

Seti ya gitaa kavu ina nyuzi nne zilizozongwa waya wa rangi ya shaba, na mbili nyeupe. Seti ya kawaida ya umeme ni tatu kwa tatu, na zile zilizozongwa zina rangi ya fedha. Tofauti hii si ya urembo. Uzi uliozongwa unabebwa na kiini chembamba cha chuma. Waya wa nje unaongeza uzito tu. Uzi mtupu wa namba 17 (namba ni unene wake) ni chuma kizima kinene, tena haujavutwa sana, kwa hiyo ukiubonyeza kwenye freti sauti yake inapanda kuliko inavyostahili. Mfupa wa daraja wa gitaa kavu, kile kijiti ambacho nyuzi huegemea kwenye mwili wa gitaa, umechongwa kwa kutegemea uzi wa tatu uliozongwa: mara nyingi kituo cha uzi wa pili kimerudishwa nyuma, na cha wa tatu kimesogezwa mbele. Ukiweka uzi mtupu hapo, hakuna kutyuni kutakakokuokoa. Utarekebisha E, uharibu G.

Kupima ni rahisi. Gusa uzi wa tatu bila kuubonyeza, juu kabisa ya freti ya 12, uupige. Kisha ubonyeze palepale uupige tena. Sauti ya pili ikiwa juu kwa uzi huo peke yake, kosa ni la uzi, na shingo haina hatia. Dukani, soma namba kwenye pakiti. Namba ya tatu ikiwa kati ya 22 na 26, umezongwa. Ikiwa 16, 17 au 18, rudisha. Namba hizo ni unene kwa sehemu za elfu za inchi, kwa hiyo 12 ni kama milimita 0.3.

Sasa, chaguo. La kwanza, bila kupepesa macho, ni seti ya kampuni ya D'Addario, EJ26, kuanzia uzi wa kwanza: 11, 15, 22, 32, 42, 52. Magitaa mengi ya wanaoanza yana nyuzi zilizoinuka mno juu ya freti, na seti hii inaponya vidole bila kuua sauti. Anayepiga kwa kidole gumba na cha shahada, mtindo wa omutibo wa Magharibi mwa Kenya, ataipenda zaidi. Waya wake ni fosfa bronzi, shaba yenye bati kidogo na chembe ya fosfori, ambayo D'Addario ndio walioileta kwenye nyuzi za gitaa mwaka 1974. Inachakaa polepole kuliko bronzi ya 80/20 (shaba 80, zinki 20), ambayo inang'ara wiki ya kwanza kisha inafifia.

La pili ni ndugu yake EJ16: 12, 16, 24, 32, 42, 53. Hii ni ya anayepiga kwa nguvu, tuseme kanisani bila spika. Uzi wake wa tatu una mwili. Nyuzi za Martin za fosfa bronzi, za 12 hadi 54, zinakaa jirani kabisa.

Elixir Nanoweb ni ya tatu. Zina utando mwembamba unaozuia jasho, na zinadumu kweli. Mpigaji wa Mombasa, kwenye chumvi na unyevu, anaweza kuhalalisha bei yake. Nairobi, ukifuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, faida inapungua, na baada ya muda utando hutoa manyoya pale piki (kiplastiki cha kupigia) inapogonga.

Seti za bei ya chini: zikiwa na namba na nyuzi nne za shaba, nunua za mazoezi. Zisizo na namba, acha.

Na gitaa lako likiwa la nailoni, lenye nyuzi zilizofungwa fundo kwenye daraja lisilo na pini, usiweke hata moja kati ya hizi. Mvuto wa chuma ni karibu maradufu, daraja litabanduka.

Kinachoudhi ni jinsi uzi mtupu unavyofika kwenye nafasi ya uzi wa tatu. Uzi wa tatu hukatika mapema kwa sababu kiini chake ni chembamba na kinabeba mvuto mkubwa. Mnunuzi anaenda Luthuli au River Road, mitaa ya maduka ya Nairobi, kutafuta mmoja tu, muuzaji anafungua seti ya umeme, anachomoa, anasema "zote ni sawa tu". Nyuzi tano zinazobaki zinauzwa mojamoja zikiwa zimeachwa kwenye hewa. Ukirudi unaonyeshwa risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtandaoni nako bei ni siri ya inbox, kana kwamba nyuzi ni shamba. Halafu kuna bandia. D'Addario halisi huwa na nyuzi zote sita kwenye mfuko mmoja wa plastiki uliozibwa, gololi za mwisho wa nyuzi zikiwa na rangi tofauti, na msimbo wa kukagua kwenye tovuti yao. Ukikuta bahasha sita za karatasi ndani ya pakiti yenye jina hilo, umeibiwa.

Ukihitaji uzi wa tatu peke yake, taja kwa maneno: "wa gitaa kavu, wa shaba, 24", au 22 kama umefunga EJ26. Wakikosa, nunua seti nzima na uweke tano za akiba. Unapoufunga, sukuma gololi hadi ikae chini ya daraja, bana pini huku ukivuta uzi juu, acha sentimita 5 hivi kupita kigingi chake ili upate mizunguko miwili au mitatu, kisha uvutevute kwa mkono na utyuni tena mpaka uache kushuka.