Museumkaart: kadi ya makumbusho Uholanzi, uzoefu wangu

Kila anayeniona na hii kadi huniuliza kitu kimoja: inalipa? Hesabu yake ni nyepesi. Mimi niliilipia euro 75 kwa mwaka mzima. Tiketi ya Rijksmuseum peke yake siku hizi inafika kwenye euro 25, na ya Van Gogh Museum haiko mbali na hapo. Ukishaingia majumba makubwa manne, hela yako imerudi, na bado kadi inafungua milango ya makumbusho zaidi ya 400 nchi nzima, kuanzia Groningen mpaka Maastricht. Kwa hiyo ndiyo, inalipa.

Ila mimi siipendi kwa ajili ya kubana matumizi. Naipenda kwa sababu ukiwa nayo huna deni na jengo. Mtu aliyelipa euro 25 haondoki mpaka aone kila chumba, hata kama miguu inawaka moto na watoto wameshaanza kulia. Mwenye kadi anaingia nusu saa, anatazama kitu kimoja, anatoka zake. Wiki nyingine akitaka anarudi.

Mfano wangu ni Mauritshuis, jumba la michoro la Den Haag (The Hague). Ninaishi Utrecht, treni ni kama dakika arobaini, na nikiwa na shughuli yoyote Den Haag sipiti bila kuingia. Watu wamejazana mbele ya mchoro wa Vermeer, yule msichana wa hereni ya lulu, simu juu. Mimi huwa namfuata ndege wa kuchorwa. Ni mchoro mdogo, umezidi kidogo tu karatasi ya kuchapia ya kawaida: ndege mmoja amefungwa mnyororo mguuni, amekaa juu ya kisanduku cha chakula, nyuma yake ukuta mtupu. Aliuchora Carel Fabritius mwaka 1654, na mwaka huohuo ghala la baruti likalipuka mjini Delft, naye akafa kwenye mlipuko huo. Ukisimama hatua tatu unaona manyoya kabisa. Ukisogea, manyoya yanapotea. Lile bawa la njano unakuta ni mipapaso michache ya brashi, basi. Nimelijaribu jambo hili kwa kila mgeni niliyempeleka: sogea, rudi, sogea tena. Mlinzi wa pale nadhani ananijua sasa.

Jumba lenyewe nalo lina yake. Alilijenga Johan Maurits, gavana wa sehemu ya Brazili iliyokuwa mikononi mwa Waholanzi. Chini ya utawala wake majeshi yao yaliteka Elmina, pwani ya Ghana ya leo, mwaka 1637 na Luanda mwaka 1641, ili wapatikane watumwa wa mashamba ya miwa. Siku hizi habari hizo zimeandikwa mlemle ndani, hazikufichwa. Mimi niliyekulia pwani, kwenye miji iliyouza watu vilevile, sikuweza kuzisoma huku natembea. Nilisimama.

Kuna faida nyingine ambayo hakuna tangazo litakaloitaja: choo. Kwenye stesheni kubwa za huku haja unailipia. Mvua ya Novemba inapiga ubavuni, umetoka na watoto, hakuna pa kujikinga ila mkahawa ambao lazima ununue kitu. Ukiwa na kadi, kila mji una nyumba yenye joto, taa, benchi na choo safi, na hakuna anayekuuliza umefuata nini. Nimeingia makumbusho ya saa na ya treni kwa sababu hiyo tu, na nikatoka najua kitu. Museum Speelklok la Utrecht tulilijua hivyohivyo. Liko ndani ya kanisa la kale, na limejaa vinanda vinavyojipiga vyenyewe, pamoja na yale makubwa ya mtaani yenye vinyago vinavyogonga kengele. Msiishie kuvitazama. Subirini mwongozaji aanze ziara, maana ndipo vinapopigwa, na sakafu yote inatetemeka.

Lakini mkiniambia nichague safari moja tu, ni Zuiderzeemuseum, Enkhuizen. Hii nenda kati ya Aprili na Oktoba, maana sehemu yake ya nje hufungwa majira ya baridi. Unashuka treni, unapanda boti, unateremshwa kwenye kijiji kizima cha wavuvi: nyumba, maduka, dobi la mvuke, kiwanda cha kusokota kamba, yote yamehamishwa kutoka sehemu mbalimbali na kujengwa upya pale. Zamani hapo mbele palikuwa bahari. Mafuriko ya mwaka 1916 yalipoua watu, mpango wa mhandisi Cornelis Lely ukapita, na tarehe 28 Mei 1932 lile tuta la kilomita 32 linaloitwa Afsluitdijk likafungwa. Bahari ikageuka ziwa la maji baridi. Dagaa wa chumvi na heringi wakaisha, na wavuvi wao wakabaki na nyavu zisizo na kazi. Kijiji kile ndicho kumbukumbu yao.

Nilikwenda na mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Pangani. Yeye si mtu wa makumbusho. Michoro yote ya Amsterdam aliipita kama anawahi daladala. Enkhuizen tulipoteremka kwenye boti akasimama mbele ya minara mitatu ya matofali, minene chini na myembamba juu, akaniuliza, "Mwanangu, haya si matanuri ya chokaa?"

Ndiyo yenyewe. Waholanzi hawana matumbawe, kwa hiyo walikusanya makombe ufukweni mwa Bahari ya Kaskazini, wakayachoma humo kwa makaa ya udongo wa kinamasi, wakapata chokaa ya kujengea. Mama alikuta pale mzee mmoja wa kujitolea, akanituma nimuulize chokaa ilizimwaje, na waliinyunyizia maji au waliiloweka. Nikatafsiri. Yule mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake kama mtu aliyezoea kuulizwa choo kiko wapi. Akainuka, akatupeleka kwenye banda la pembeni, akaanza kueleza kwa mikono. Mama naye akamweleza kwa mikono jinsi magogo yanavyopangwa duara na matumbawe yanavyopandishwa juu yake. Mimi nikabaki mkalimani wa mafundi wawili, na baada ya muda hata mimi hawakunihitaji.

Kisha tukaenda kwenye banda la kubanikia samaki. Heringi wametungwa kwenye vijiti, moshi unapanda, unanunua mmoja unakula kwa mkono, ngozi unaivua kama soksi. (Samaki hawamo kwenye kadi, mnalipa.) Mama alikula wawili. "Hapa pamekosekana ndimu tu," akasema.

Kadi pia imenifanya nizielewe sikukuu zao, ambazo mwanzoni niliziona fujo tupu. Leiden kila tarehe 3 Oktoba husherehekea kuondokewa na Wahispania walioizingira mwaka 1574. Asubuhi wenyeji wanagawiwa heringi na mkate mweupe, jioni kila nyumba inakula hutspot, yaani viazi, karoti na vitunguu vilivyopondwa pamoja. Masimulizi yanasema chakula hicho kilikutwa kwenye chungu cha Wahispania, kingali moto, na aliyekiokota ni mvulana yatima. Chungu kinachosemwa kuwa ndicho kipo Museum De Lakenhal, mjini humohumo, cheusi na kizito. Viazi lakini havikuwemo, maana enzi hizo vilikuwa havijaingia kwenye vyungu vya Leiden. Wanaobishana nani anapika hutspot ya asili wapelekeni pale kwanza. Mimi ukiniuliza ladha, bila nyama ya kuchemsha na pilipili yangu ya kichupa siimalizi.

Sasa yasiyonifurahisha. Kadi haikuvushi kila mahali. Keukenhof na maua yake, Efteling na bembea zake, Madurodam na vijumba vyake vidogo vya mfano, kote huko unalipa kama wengine. Maonyesho maalumu baadhi huwa na nyongeza mlangoni. Van Gogh Museum lazima uchague saa kabla, na nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa vita, ndiyo usiseme: tiketi zinatolewa mtandaoni Jumanne kwa wiki kadhaa za mbele, zinakwisha haraka, kadi au hakuna kadi. Kwa hiyo ule uhuru wa kuingia na kutoka ninaousifu uko zaidi kwenye miji midogo kuliko Amsterdam. Na nauli! Kutoka Utrecht mpaka Enkhuizen kwenda na kurudi inaweza kuzidi tiketi ya makumbusho yenyewe. Sisi tunatembea wikendi kwa usajili wa shirika la reli, NS, unaoitwa Weekend Vrij, treni bure kuanzia Ijumaa jioni, na kadi hizi mbili pamoja ndizo zilizotutoa nyumbani.

Ukiinunua kaunta ya makumbusho yoyote makubwa unapewa ya muda, ya siku 31 na kuingia mara tano tu, kisha unajisajili mtandaoni na kuweka picha yako. Fanyeni siku hiyohiyo. Haiazimishwi, dada akija likizo asidhani ataingia na yako, sura itamkana. Watoto msiwakimbilie kuwanunulia: Rijksmuseum, Van Gogh na Mauritshuis, wa chini ya miaka 18 hawalipi kitu. Piga kwanza hesabu ya mnakokwenda.

Mwisho, Jumatatu majumba mengi ya mikoani yamefungwa, na yaliyo wazi hufunga saa kumi na moja jioni bila huruma. Kama mnakwenda Teylers, Haarlem, lililo wazi tangu 1784, fikeni mapema wakati wa baridi, maana ule ukumbi wake wa duaradufu unategemea mwanga wa juani kupitia paa, na saa kumi jioni vitu vyenyewe vinaanza kutoonekana. Bebeni na sarafu ya euro moja ya kabati la mizigo. Begi la mgongoni hawakuruhusu nalo.