Episodi za kufunga sizni kwenye sitkomu: zilizonikosha na moja iliyoniudhi

Natoboa kila kitu humu, kama hujamaliza The Office au The Good Place kaangalie kwanza afu urudi.

Mi sitkomu, yaani komedi za mfululizo za TV, naipendea kitu kimoja, kila wiki inarudi palepale, bosi yuleyule, kochi lilelile, utani uleule, dakika 22 umeshiba. Sasa episodi ya mwisho wa sizni ndo inaruhusiwa kuvuruga hayo mazoea, na hapo ndo wengi wanaharibu, wanajisahau kabisa kuwa ni komedi, wanaanza kulia toka dakika ya kwanza. Nataka nicheke kwanza, nicheke nijisahau, ndo unipige.

Kwangu hakuna kama Casino Night iliyofunga sizni ya 2 ya The Office ya Marekani, Mei 2006. Kaiandika Steve Carell mwenyewe, huyohuyo anayecheza Michael, bosi wa ofisi. Muda mwingi ni vituko tu, Michael kajikuta na wanawake wawili kwenye usiku mmoja na wote kawaalika yeye, we unacheka umeshasahau kuwa Jim na Pam, wafanyakazi wake, wana kiporo toka sizni ya kwanza. Afu wako paking wawili, Jim anamwambia anampenda, hakuna muziki wa kukuandaa wala nini, Pam ana mchumba wake Roy, anamjibu hawezi, na ile sura ya Jim akijikaza hapo jamani. Unadhani imeisha, kumbe Pam kapanda ofisini anaongea na mama yake kwenye simu, Jim anaingia, anambusu, basi, wamekata. Sizni ya 3 inaanza Jim keshahamia tawi la Stamford, yaani maneno yale yalimgharimu kweli, hawakuyafuta kama sitkomu nyingi zinavyofanya. 10 kati ya 10 na nimeirudia mara nyingi mno.

M*A*S*H sizni ya 3, mwaka 1975, ndo iliyowafungulia njia wote hawa. Ni ya hospitali ya jeshi la Marekani vitani, na kamanda wao Henry Blake karuhusiwa kurudi nyumbani kutoka vita vya Korea, wanamuaga kwa utani episodi nzima, afu karani wao Radar anaingia chumba cha upasuaji hajavaa hata barakoa, anasoma kuwa ndege ya Henry imedunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyepona. Waigizaji wengi hawakupewa ukurasa huo mpaka siku ya kushuti. Na kitu ambacho watu hawakizingatii, ile tamthilia ilikuwa na vicheko vya kurekodi lakini chumba cha upasuaji watengenezaji walikataa visiwekwe, kwa hiyo habari inapoingia pale kuna ukimya tu na madaktari wanaendelea kushona majeruhi. 10 pia, ila sirudii, inaniuma.

Friends sizni ya 4, 1998, harusi ya Ross kule London, anataja jina la Rachel, mpenzi wake wa zamani, mbele ya bibi harusi mwingine. Kila mtu anaikumbuka hiyo, mi nasema sini kubwa zaidi ni Monica, dada yake Ross, kuibuka toka chini ya shuka la Chandler, rafiki yao, watazamaji waliokuwa ukumbini walilipuka mpaka waandishi wakaona hawa wawili wana safari ndefu. 8.

The Good Place sizni ya 1, Januari 2017, Eleanor, aliyekufa akaambiwa yuko peponi, anagundua peponi kumbe ni motoni, na Ted Danson, anayecheza msimamizi wa hapo, anatoa kile kicheko cha kishetani. Ukianza upya unakuta kila utani ulikuwa ni mateso ya mtu fulani. 9, na ningeiweka juu zaidi kama moyo ungeniuma kidogo.

Ya kuniudhi ni How I Met Your Mother, Machi 2014, ambayo Ted anawasimulia watoto wake alivyokutana na mama yao. Sizni karibu nzima wametuweka kwenye wikiendi moja ya harusi ya Barney na Robin, episodi ya mwisho wanawaachanisha fasta, huyo mama anakufa, Ted anarudi kwa Robin, mpenzi wake wa zamani. Sini ya watoto walishaishuti miaka mingi nyuma, wahusika wamekua wamebadilika, mwisho umebaki uleule wa zamani wakaulazimisha uingie. Naipa 3, na zote 3 ni za Ted na mama wakiongea stesheni ya treni chini ya ule mwavuli wa njano, pale wangezima kamera.