Greatest Hits ya Queen: albamu ya kumwonjesha mtoto roki

Ukiniuliza umpe albamu gani mtoto ambaye hajawahi kusikia roki, nitakujibu bila kusita: Greatest Hits ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ule mkusanyiko wa vibao vyao wa 1981 wenye nyimbo 17. Nimewapigia watoto wa kaka yangu, mmoja ana miaka 7 na mwingine 13, na siku hizi wao ndio wanaoniomba niiweke.

Usianzie mwanzo, anzia karibu na mwisho. Wimbo wa 16, We Will Rock You, hauna ngoma. Unachosikia ni miguu na makofi ya wanamuziki wenyewe, yamerekodiwa na kurundikwa juu kwa juu mpaka yakawa kama umati mzima. Mtoto haelekezwi hapo: miguu mara mbili, kofi moja, kimya, tena. Gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa bendi, linangoja mpaka wimbo unakaribia kuisha, na hilo ndilo lililomgusa mdogo. "Shangazi, gitaa lilikuwa wapi muda wote huo?" Nilifurahi mno, maana mtoto akiuliza hivyo ujue ameshaanza kuzitenga ala moja moja. Nikamweleza kwamba gitaa lile May alilitengeneza kwa mikono yake akiwa kijana, yeye na baba yake, shingo yake ikachongwa kutoka mbao ya meko kuukuu, na kwamba nyuzi huzipiga kwa sarafu. Akataka turudie palepale linapoingia.

Kisha rudi wimbo wa 2, Another One Bites the Dust. Aliutunga John Deacon, mpiga besi (gitaa la sauti nzito), na besi ndiyo inayouburuta kutoka sekunde za kwanza. Yule mtoto mkubwa ni mtu wa hip hop, gitaa la kupiga kelele halimwingii. Huu aliushika kwa mdomo kabla ubeti wa pili haujafika. Tafadhali usiwapigie kwa spika ya simu, besi yote inapotea. Tafuta spika ya maana au vipokea sauti vya masikioni.

Bohemian Rhapsody ndiyo inayofungua albamu, lakini mimi naiweka baadaye. Ni karibu dakika 6, haina kiitikio, na mtoto ambaye masikio yake hayajazoea atachoka kabla ya kwaya. Akishazoea, mwambie kwamba kwaya ile yote ni watu watatu tu, Freddie Mercury, May na Roger Taylor, wakirekodi sauti zao tena na tena. Mercury, mwimbaji mkuu na mzaliwa wa Unguja, ndiye pia aliyekaa kwenye piano. Ile sauti nyembamba inayopaa kuliko zote ni ya Taylor, mpiga ngoma! Wapwa zangu walikataa kuamini, ikabidi tusikilize upya tukimtafuta.

Kasoro zipo. Flash imetoka kwenye muziki wa filamu, na bila filamu haisimami, kwa hiyo tunairuka. Fat Bottomed Girls ina maneno ambayo siko tayari kumfafanulia mtoto wa miaka 7. Radio Ga Ga usiitafute humu, ilikuja baadaye na iko Greatest Hits II ya 1991. Soma pia orodha kabla hujanunua, maana toleo la Marekani la 1981 halikuwa na nyimbo zilezile.

Wapo watakaokwambia mkusanyiko si albamu ya kweli. Kwa mtu mzima nakubaliana nao. Ila mtoto anahitaji kuonja mengi kwa haraka, na hapa wimbo mmoja haufanani na unaofuata: kwaya, besi ya kuchezeka, Crazy Little Thing Called Love yenye roki ya miaka ya 1950 ndani yake. Asipopenda hiki atapenda kile, nawe utajua umpeleke wapi baadaye.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Sisi tumeshahamia A Night at the Opera ya 1975, na hiyo tunaisikiliza yote bila kuruka.